Butembo: moteri kubwa ndani ya gari ya zamani, kupanda kunakuwa rahisi lakini kushuka kunaomba mengine

Katika parsele nyingi za muji wa Butembo, kutoka Kimemi mpaka Bulengera, kuona gari yenye kapo wazi na bila moteri ndani hakushangazi mutu tena. Miti mitatu ya kaliptusi imefungwa pamoja kwa juu, palani inaning'inia katikati, na moteri ya zamani imelala chini juu ya gunia, pembeni ya ile yenye kuja kukamata nafasi yake. Siku chache kisha, gari inatoka mu parsele na sauti ingine. Majirani wanaitambua hata mbele ya kuiona.

Kubadilisha moteri ya gari kwa kuweka ile yenye nguvu zaidi si jambo la jana. Gari mupya haiko kwa uwezo wa mwenye kuuzisha viazi ao makala, na gari ya miaka 30 yenye shasi nzuri bado ni mali ya jamaa. Mafundi wetu wanajua kazi hiyo, na wamoja wanaifanya vizuri sana, bila kitabu na bila mashine za bei kali. Lakini moteri ikiisha kufungwa na kuwaka, mambo mengi chini ya gari yanabaki vile yalikuwa: freni, resori, bwati, ambereyaji. Hata karatasi zinabaki za moteri ndogo. Na wale wenye kupanda nyuma, juu ya mizigo, hawana namna ya kujua hayo.

Hewa ya mulimani inakula nguvu

Mbele ya kulaumu wenye magari, inafaa kuelewa juu ya nini wanafanya vile. Butembo iko karibu mita 1.700 juu ya usawa wa bahari, na ukienda kusini kuelekea Lubero unapanda tena. Kule juu hewa ni nyepesi. Moteri ya mazutu isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe tu, sawa mutu anavyopumua, na pale hewa inakuwa nyepesi, mazutu inakosa kitu cha kuwaka nacho. Hesabu ya kawaida ni kwamba moteri ya aina hiyo inapoteza karibu sehemu 10 kwa 100 ya nguvu kila ukipanda mita 1.000.

Tuchukue moteri inayojulikana sana huku, Toyota 2L, silinda nne, litre 2,4. Ndiyo ilikuja chini ya kapo ya Hilux na Hiace nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi zaidi kidogo ya 80. Ukiileta Butembo, hata ikiwa mupya kabisa, inabakia na 66 ao 67 hivi. Na hakuna 2L mupya katika muji wetu. Ile iko ndani ya gari imeisha kufanya miaka 30, injekteri zimechoka, kompresyo imeshuka, mazutu yenyewe wakati fulani imeuzwa kwa bidoni pembeni ya barabara na maji ndani. Ukiongeza muzigo wa viazi kutoka Lubero, na matope ya musimu wa mvua, gari inapanda na kilasi ya kwanza huku moshi mweusi unafunika wenye kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo mwenye gari anayetafuta moteri kubwa hatafuti sifa. Anatafuta kufika sokoni mbele ya wengine, bei ikiwa bado nzuri, na kurudi siku ileile. Wenye kusema kwamba ni mchezo wa vijana wenye kupenda kelele hawajasukuma Hiace kwenye mulima.

Moteri gani, na juu ya nini

Moteri hizo zinafika mara nyingi kama okazyo kutoka Japani ao Dubai. Zinapita Mombasa na Kampala, kiisha zinaingia kwa mupaka wa Kasindi. Kuna wafanya biashara wa Butembo wenye kuzifuata wao wenyewe mpaka kule.

Njia yenye shida kidogo ni kubaki ndani ya ukoo mumoja. 2L, 3L na 5L ni ndugu: ya kwanza ni litre 2,4, ya pili 2,8, ya tatu inafika karibu 3. Umbo la nje linafanana, na mahali pa kufungia bwati panapatana. Kwa fundi mwenye kuzoea, kutoa 2L na kuingiza 3L ao 5L haiombi kukata chuma. Nguvu yenye kuongezeka si ya ajabu, lakini inaonekana mulimani, na sehemu zingine za gari zinaivumilia bila shida kubwa. Kama mutu anauliza ni mabadiliko gani yanafaa kufanyika nyumbani mu parsele, haya ndiyo yako karibu na jibu.

Kisha kuna 1KZ, litre 3 na turbo, ambayo watu wanaijua kwa Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, na kwa sababu hiyo kule juu inapoteza kidogo kuliko moteri zisizo na turbo. Ndiyo sababu wengi wanaipenda. Ila iko na tabia mbili zinazojulikana. Haivumilii moto: ikikosa maji mara moja, kilase inapasuka. Na ile yenye kuandikwa 1KZ-TE inaongozwa na kalkilateri, yaani inaomba nyaya zake zote, kapteri zake zote, na fundi wa umeme mwenye kujua kuzisoma. Wengi wananunua moteri na wanaacha nyaya zikikatwa kwa makasi kule ilikotoka. Hapo ndipo gari inakaa mu parsele miezi, kuku wanalala ndani.

Ya tatu ni 1HZ, silinda sita, litre 4,2, ile yenye kubeba Land Cruiser za mashirika na za ONU tangu mwaka 1990. Haina turbo, haina kalkilateri, pompi yake ni ya chuma tupu, na nguvu zake ni karibu farasi 130. Kuiweka katika Land Cruiser ya zamani, ambayo shasi yake ilikuwa imetengenezewa moteri nzito, ni jambo lenye kueleweka. Kuiweka katika Hilux ni kazi ingine kabisa. Silinda sita zenye kufuatana ni ndefu. Radiyateri inasukumwa mbele, chuma cha kati ya moteri na dereva kinakatwa, viti vya moteri vinatengenezwa upya kwa kusudira, na uzito wote huo unaangukia magurudumu ya mbele. Resori za mbele zinalala. Usukani unakuwa mzito. Na gari yenye pua nzito, katika kona ya kushuka yenye matope, haigeuki kama ile ya mbele.

Bwati na kardani vilipimwa kwa nguvu ya 2L. Ukipitisha humo nguvu karibu mara mbili, havivunjiki siku ya kwanza. Vinavunjika siku ya muzigo munene, katikati ya mulima, na gari inaanza kurudi nyuma.

Bidoni nzima ya maji yenye kuchemka

Kila mutu anayebadilisha moteri anapima kazi yake kwa kupanda. Anachukua mulima, anaongeza gazi, gari inaondoka, wanapigana mikono. Hakuna mwenye kupima kwa kushuka na tani moja nyuma.

Hesabu si ngumu. Hilux tupu inafika kama tani moja na nusu. Ukiweka tani moja ya viazi, jumla ni tani 2,5. Ikishuka mulima wa mita 300 kwa urefu wa juu mpaka chini, uzito wote huo unageuka moto, na moto huo inafaa uende mahali fulani. Kama dereva anashuka kwa freni tu bila kusaidiwa na kilasi, sehemu kubwa inaingia katika freni. Ni moto wenye kutosha kuchemsha bidoni nzima ya litre 20 za maji ya baridi, mpaka yatokote. Unaingia katika vipande vinne vya chuma vyenye kuenea mu mikono, kwa dakika chache tu.

Sasa moteri ni kubwa. Inavuta bila kulia. Dereva, ao mama mwenye mizigo, anaona nafasi bado iko, na wanaongeza gunia tano za kilo mia mia. Tani 2,5 zinakuwa 3. Moto wa freni unaongezeka kwa sehemu moja ya tano, na freni ni zilezile za 1990. Hata hiyo ingevumilika. Lakini gari yenye nguvu inafika juu ya mulima na mbio zaidi, na dereva hana tena ile desturi ya kushuka polepole. Kutoka km 40 kwa saa kwenda km 60, nguvu yenye kuhitajika kusimamisha gari inazidi mara mbili. Kutoka 40 kwenda 80, ni mara nne. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mifuko ya wengi haikuingiza wakati wa kununua moteri.

Freni zikipata moto kupita kiasi, kwanza zinaanza kunuka. Wenye kusafiri mara nyingi kati ya Butembo na Lubero wanajua arufu hiyo. Kisha pedali inaomba nguvu zaidi ili kufanya kazi ileile. Mafuta ya freni, ambayo yanakunywa unyevunyevu wa hewa mwaka kwa mwaka, yanaweza kuchemka ndani ya bomba, na hapo pedali inaenda mpaka chini bila kukamata kitu. Mafuta hayo inafaa yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Wengi wanaongeza tu pale yanapungua.

Kuna jambo moja lenye kusahauliwa zaidi katika kazi za nyumbani, na ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Pedali ya freni inasaidiwa na hewa yenye kunyonywa, ambayo mafundi wanaiita vakiyumu. Moteri ya esansi inanyonya yenyewe. Ile ya mazutu hainyonyi vya kutosha, ndiyo sababu inawekewa pompi yake, na kwa moteri nyingi za Toyota pompi hiyo iko imefungwa nyuma ya alternateri. Moteri ikinunuliwa bila alternateri yake, ao fundi akiweka alternateri ingine ambayo alikuwa nayo, pompi inapotea. Moteri itawaka vizuri, gari itatembea, betri itajaa. Ila pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Mu parsele, gari ikienda mita kumi, dereva anakanyaga na inasimama. Anafikiri ni mambo ya kuzoea. Kwa kushuka na muzigo, nguvu za muguu wa mutu hazitoshi.

Bomba la shimine nalo linaomba macho. Moteri mupya haitoi moshi mahali pale pale pa ile ya zamani, kwa hiyo bomba linapitishwa pengine, na mara nyingine linapita karibu na bomba la freni ao la mazutu. Joto linafanya kazi yake polepole.

Ni haki kusema pia kwamba moteri kubwa ikiwa imefungwa vizuri inaweza kusaidia kushuka. Dereva akiweka kilasi ya pili mbele ya mutelemuko kuanza, na akaacha gazi, moteri ya litre 4,2 inashikilia gari zaidi kuliko ile ya 2,4. Lakini inaomba dereva awe na mazoea ya kuingiza kilasi ndogo mapema. Kuna wale wenye kutia gari ndani ya mpwe mort, bila kilasi, ili kuchunga mazutu. Kwa hao, ukubwa wa moteri hausaidii kitu.

Barabara nzuri, mbio zaidi

Jambo hili linakuja na uzito mwingine tangu kazi za barabara zilipoanzishwa na serikali za Congo na Uganda. Mwezi wa sita 2021, marais wa inchi mbili walikutana kwa mupaka wa Kasindi kuzifungua: km 80 kati ya Kasindi na Beni, km 54 kati ya Beni na Butembo, na kipande kingine cha Bunagana–Rutshuru–Goma. Watu wa Grand Nord waliiomba barabara hiyo kwa miaka mingi, na hakuna mwenye kutamani mashimo yarudi.

Lakini mashimo yalikuwa na kazi moja. Yalikuwa yanazuia mbio. Gari ya zamani yenye freni mbaya, kwenye barabara yenye mashimo, inaenda km 20 kwa saa, na hata kosa likitokea, mara nyingi linaishia kwenye mufereji. Mahali barabara inakuwa laini, gari hiyohiyo inaenda 70 ao 80. Na kutoka Butembo kwenda Beni, mutu anashuka mita mia kadhaa kwa jumla. Kila mutengenezaji wa moteri anajua kwamba wateja wataomba mbio. Ni wachache wenye kuomba freni.

Feza inaenda wapi

Katika jamaa nyingi mazungumzo yanaanza na bei ya moteri. Likelemba inaanguka, baba anasema: sasa tunaweza kununua moteri. Na kweli anaweza. Ila moteri ni mwanzo wa matumizi, na yenye kufuata haitajwi siku ile.

Radiyateri ya zamani haitoshi. Inaomba ingine kubwa. Ambereyaji inaomba ile ya moteri mupya. Viti vya moteri, mipira, mikanda, mafuta, filtre. Kardani mara nyingine inafupishwa, na kama imefupishwa vibaya inatikisa gari yote. Bwati pia, kama moteri inatoka nje ya ukoo. Kiisha zile zenye hazipigi kelele: resori za mbele, tamburi na pakete za freni, mafuta ya freni, matairi. Mahali feza inaisha, ndipo kazi inasimama. Na kwa sababu moteri inafungwa kwanza na freni inaangaliwa mwisho, feza inaisha karibu kila mara kwenye freni. Ni mupangilio tu wa kazi wenye kufanya vile. Mutu hakukaa chini akaamua kwamba freni si lazima.

Fundi angeweza kugeuza mupangilio. Kama mwenye gari anakuja na feza ya moteri peke, kuna kazi ya kumwambia aanze na resori na freni, atembee na 2L yake miezi mingine sita, akiisha alete moteri. Si rahisi kusema vile kwa mutu anayelipa, na garaji ya jirani haitasema. Lakini 2L yenyewe, ikisafishwa injekteri, ikipimwa pompi, ikiwekewa filtre ya hewa safi na valve zikirekebishwa, inarudisha sehemu ya nguvu ambayo mwenyewe alifikiri imeisha kufa. Kazi hiyo ni bei ndogo zaidi, na wengi hawaijaribu.

Kwa wale wenye kununua moteri ya okazyo, kuna mambo ya kuangalia ambayo hayaombi mashine. Moteri iwashwe ikiwa baridi, si ile yenye muuzaji ameisha kuipasha moto mbele ya wewe kufika. Kizibo cha oili kifunguliwe ikiwa inawaka: kama inapumua moshi kwa nguvu kama chungu, silinda zimechoka. Chini ya kizibo kusiwe rojorojo ya rangi ya maziwa, juu ni alama ya maji yenye kuingia katika oili. Maji ya radiyateri yasitoe mapovu. Na muuzaji atoe fakitire yenye namba ya moteri, ileile yenye kuchorwa kwenye chuma. Kama namba imekwanguliwa, mutu aache moteri pale iko, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Kuhusu kazi yenyewe mu parsele, jambo ambalo linaua ni gari yenye kushikiliwa na kriki peke yake. Kriki inateleza. Magogo mazito ya mbao chini ya shasi yanasaidia. Mawe na matofali yanapasuka bila kuonya. Miti mitatu ya kaliptusi inaweza kubeba moteri kama ni minene na kama miguu yake imechimbiwa, lakini mutu asiingize kichwa wala mikono chini wakati moteri inaning'inia. Betri itolewe kwanza. Watoto wakae mbali, na siku hiyo hata wateja wa maandazi ya mama watapita kwa mulango mwingine.

Karatasi zinazungumzia gari ingine

Kwa barieri, polisi wa PCR wanaomba karte roze, asiransi, vinyeti, kontrole tekniki. Mutu akiwa na karatasi zote, anapita. Ni nadra kuona mutu anainama chini ya gari ao anamwambia dereva akanyage pedali mbele yake. Ndiyo maana gari iliyobadilishwa moteri inaweza kupita barieri zote za barabara bila swali, na gari yenye freni nzuri lakini vinyeti ya mwaka uliopita inakaa pale masaa.

Kodi yenyewe haisaidii mutu kusema ukweli. Kwa magari ya watu binafsi, vinyeti inapimwa kwa nguvu ya moteri: kuna ngazi ya mpaka farasi 10 za kodi, kisha ile ya 11 mpaka 15, kisha ya zaidi ya 15. Kwa magari ya mizigo inapimwa kwa uzito. Maana yake, mwenye jeep akitangaza moteri yake mupya anaweza kupanda ngazi na kulipa zaidi. Mwenye pick-up ya mizigo hana sababu hiyo ya kuficha, lakini naye hatangazi, kwa sababu hakuna mwenye kumuomba na kila dirisha la ofisi lina bei yake.

Asiransi ndiyo yenye kupaswa kufikirisha zaidi. Tangu sheria ya mwaka 1973, kila gari inapaswa kuwa na asiransi ya kulipia wale inaoumiza. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS peke yake. Sheria ya mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko kwa makampuni mengine. Lakini kampuni yoyote inakubali gari ile imeandikwa katika karatasi. Gari ya litre 2,4 yenye kutembea na litre 4,2 si ile yenye kuandikwa. Siku ya ajali, kampuni itatafuta sababu ya kutolipa, na hii ni sababu nzuri kwao. Mwenye gari atakuwa amelipa asiransi kila mwaka, na jamaa ya aliyeumia itaambiwa irudi kwa dereva. Dereva, mara nyingi, hana kitu zaidi ya ile gari yenye kuanguka.

Kutangaza mabadiliko kwa kampuni la asiransi kunaomba barua moja yenye aina na namba ya moteri mupya, kopi ya fakitire, na kopi yenye alama ya kupokelewa ili kubaki nayo. Pengine bei ya mwaka itapanda. Barua kama hiyo iende pia kwa ofisi yenye kutoa karte roze. Mwenye kununua gari ya okazyo mu Butembo angeomba kuona barua hizo mbele ya kutoa feza, na kama hazipo, afungue kapo mwenyewe na alinganishe namba. Kisha aombe kukanyaga freni moteri ikiwa imezimwa, aendelee kukanyaga, na awashe. Pedali ikishuka kidogo chini ya muguu, vakiyumu inafanya kazi. Ikibaki pale pale, ngumu, aulize pompi ilienda wapi.